Kusafisha shamba lenye metali nzito kwa mimea: mwongozo kamili kwa waliojaribu ikagoma

Maswali ninayoletewa kuhusu hii kazi karibu yote yanafanana. Mtu kasikia alizeti inafyonza sumu, kapanda, imestawi na kuchanua vizuri tu, kaja kupima udongo tena namba ni zile zile. Anadhani kakosea mbegu. Mbegu haina shida, shida ni kwamba alianza na mmea wakati hii kazi inaanza na metali yenyewe, iwe risasi (lead), kadimi (cadmium), aseniki (arsenic) au nyingine yenye sumu: ni ipi, iko kiasi gani, na je kuna mmea wowote unaoweza kuitoa ndani ya muda ambao wewe utakuwepo kuuona.

Kuna mama mmoja alipanda alizeti misimu mitatu mfululizo kwenye shamba lenye risasi, na kila akishavuna mbegu mashina anayakatakata na kuyafukia humo humo kama mbolea. Kile kidogo kilichopanda juu alikuwa anakirudisha chini kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia. Mwongozo huu nimeuandika nikimfikiria yeye.

Hatua ya 4 naomba usiiruke hata kama hesabu huzipendi.

## Vitu vya kuandaa kabla hujagusa udongo

Vya kuchukulia sampuli: koleo au jembe la chuma cha kawaida lisilopakwa rangi, ndoo ya plastiki safi, mifuko ya plastiki yenye kufungwa, kalamu ya wino usiofutika, futi kamba na daftari. Ndoo ya bati usitumie kabisa, bati lile limepakwa zinki na ukichanganyia udongo humo ripoti inakuja na zinki ambayo shambani haipo.

Vya kujikinga: glavu, buti ambazo hazitaingia ndani ya nyumba, nguo za kazi hiyo tu, barakoa ya kuchuja vumbi (kitambaa hakitoshi), maji na sabuni palepale shambani.

Vya kazi yenyewe: miche au mbegu, mboji, chokaa ya kilimo kama udongo una tindikali, matandazo, mundu au mkasi wa kukatia, turubai la kuanikia, magunia imara na mzani.

Na kuna viwili ambavyo watu hawaviweki kwenye orodha. Kwanza maabara inayopima metali kwenye udongo na pia kwenye majani ya mimea, maana utahitaji vyote viwili. Pili, jibu la maandishi kutoka kwa mamlaka ya mazingira ya eneo lako kuhusu mavuno yenye sumu yatapelekwa wapi. Ulipate kabla ya kupanda, maana ukishakuwa na magunia kumi ya majani yenye aseniki kwenye kibanda hapo huna cha kuchagua tena.

## Hatua ya 1: Funga bomba kwanza

Kama sumu bado inaingia, kupanda mimea ni sawa na kudeki huku bomba linavuja. Tafuta inakotokea. Vyanzo vya kawaida ni mabaki ya mgodi yanayosombwa na mvua, sehemu inayoyeyusha betri za magari au kuchoma nyaya na vifaa vya umeme, maji taka ya kiwanda, tope la mitambo ya maji taka lililotumika kama mbolea, rangi ya zamani inayobanduka ukutani, viuatilifu vya zamani vyenye aseniki, na mbolea za fosfeti ambazo nyingine huwa na kadimi ndani yake kwa asili ya mwamba zilikochimbwa.

Pima pia maji ya kumwagilia. Nimeona watu wakihangaika na udongo miaka wakati sumu inaletwa na mfereji kila wiki.

Maji yakitiririka kutoka upande wenye uchafu, chimba mfereji wa kuyakwepesha. Upande wa chini wa shamba panda mstari mnene wa nyasi ili udongo wako nao usiende kwa jirani.

Hapo hapo simamisha mazao ya kula. Mboga za majani na mazao ya mizizi ndo ya kwanza kuacha: majani yanakusanya kadimi kwa urahisi, na mizizi inatoka na udongo wenye risasi umeng'ang'ania kwenye ganda. Watoto wasicheze pale. Risasi huwapata zaidi kwa mikono iliyoshika udongo na kuingia mdomoni kuliko kwa chakula kilichoota hapo.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kunyoosha kidole na kusema sumu ilitokea pale na sasa haiji tena.

## Hatua ya 2: Chukua sampuli kama mtu anayetaka ukweli

Gawa shamba kwa historia yake usigawe kwa ukubwa. Palipo karibu na barabara au ukuta wa zamani ni kipande chake, palipofurika maji ni kipande chake, palipokuwa na shimo la taka ni kipande chake. Ukichanganya vyote unapata wastani usiomhusu mtu yeyote: sehemu chafu inaonekana ina nafuu na sehemu safi inaonekana imeoza.

Kwenye kila kipande tembea kwa zigzagi, chimba mashimo 15 hadi 20 ya kina cha sentimita 20. Shimo liwe na umbo la V, halafu kata kipande chembamba cha udongo ukutani mwa shimo kuanzia juu hadi chini, unene sawa kote, kama unakata mkate. Ukichota tu wa juu utapata namba kubwa kuliko hali halisi, maana metali nyingi zilizokuja na vumbi au moshi hukaa juu juu.

Changanya kwenye ndoo mpaka rangi iwe moja. Mwaga kwenye plastiki safi, sambaza duara, gawa kwa msalaba upate robo nne, tupa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, rudia mpaka ubaki na kama nusu kilo. Anika kivulini, usiweke kwenye moto. Mfuko uandike kipande gani, kina gani, tarehe gani.

Maabara waombe vitu hivi: jumla ya metali (angalau risasi, kadimi, aseniki, zinki, shaba, nikeli, kromi na zebaki), sehemu ya metali ambayo mmea unaweza kuifikia, pH (kipimo cha tindikali ya udongo), na kiasi cha mboji kwenye udongo. Watu wengi wanaomba jumla peke yake ili kubana matumizi, halafu baadaye hawaelewi kwanini mmea haufyonzi. Metali inaweza kuwa nyingi na bado ikawa imefungwa ndani ya chembe za udongo, mzizi unapita pembeni yake bila kuigusa.

Chora ramani ya ulipochimba, kwa sababu mwakani utarudi mashimo yale yale.

## Hatua ya 3: Soma ripoti bila kutishika wala kujifariji

Namba zinakuja kwa mg/kg, yaani miligramu za metali kwenye kilo moja ya udongo mkavu. Udongo wowote una metali kidogo kwa asili yake, kwa hiyo usishtuke kuona risasi haiko sifuri.

Cha kulinganisha ni kikomo cha kisheria cha nchi yako. Ili upate picha tu, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1986 kuhusu tope la maji taka mashambani iliweka viwango vya udongo vya kadimi 1 hadi 3 mg/kg, risasi 50 hadi 300, zinki 150 hadi 300, nikeli 30 hadi 75 na zebaki 1 hadi 1.5. Hivi viwango vinahama. Marekani kwa udongo wa makazi walikuwa wanatumia risasi 400, mwaka 2024 wakashusha hadi 200. Tumia kinachotumika kwako sasa hivi.

Halafu angalia pH, na hapa uwe makini. Udongo ukiwa na tindikali, yaani pH chini ya 6 hivi, kadimi, zinki, nikeli na risasi zinalegea na kuingia kwenye mmea kirahisi. Aseniki mara nyingi inafanya kinyume, ukipandisha pH au ukiweka fosfeti inaachia. Dawa ya metali moja inaweza ikawa ndo inayochokonoa nyingine, kwa hiyo mtu asikwambie weka chokaa au weka fosfeti kabla hajaona ripoti yako.

Onyo: ukikuta zebaki au kromi imezidi sana, au risasi ziko maelfu, usiendelee peke yako. Hapo ita wataalamu wa mazingira. Mimea ni kwa uchafuzi wa kati na wa chini.

## Hatua ya 4: Piga hesabu (hapa ndo wengi wanaanguka)

Hesabu ni tatu tu.

Kwanza uzito wa udongo. Chukua eneo la mita za mraba 1,000. Kwa kina cha mita 0.2 ni mita za ujazo 200. Mita moja ya ujazo ya udongo mkavu ina kama tani 1.3, kwa hiyo una tani 260, yaani kilo 260,000.

Pili metali ya kutoa: namba uliyonayo toa namba unayoitaka, zidisha kwa kilo za udongo.

Tatu mmea unabeba kiasi gani kwa mavuno mamoja: kilo za mavuno makavu zidisha kwa mg za metali kwenye kila kilo ya majani.

Sasa tujaribu na kadimi. Una 2, unataka 1. Ni mg 1 mara 260,000, sawa na gramu 260. Mmea mzuri wa kadimi ukikupa kilo 500 kavu kwenye eneo hilo, kila kilo ikiwa na mg 100, unatoa gramu 50 kwa mavuno. Mavuno matano au sita kwenye karatasi, lakini shambani weka nane au zaidi, kwa sababu kinachofyonzwa mwanzo ni ile metali iliyolegea na inayobaki inatoka kwa ubishi. Inawezekana.

Aseniki: una 60, unataka 20. Ni mg 40 mara 260,000, yaani kilo 10.4. Kangaga (fern) aina ya Pteris vittata tuseme ikupe kilo 400 kavu zenye mg 2,000 kwa kilo, hiyo ni gramu 800 kwa mavuno. Kama mavuno 13. Ni kazi ndefu ila ina mwisho.

Sasa risasi. Una 600, unataka 300. Ni mg 300 mara 260,000, yaani kilo 78. Alizeti ikikupa tani nzima ya majani na mashina makavu, na kila kilo ina mg 50, umetoa gramu 50. Gawanya 78,000 kwa 50. Ni mavuno 1,560.

Soma hiyo namba tena taratibu. Hata ukikuta aina inayobeba mara kumi zaidi bado ni mavuno 156. Ndo maana yule mama hakuona badiliko lolote na hata angevuna kila shina asingeliona. Japani mwaka 2011, baada ya ajali ya Fukushima, walijaribu alizeti kwenye mashamba yenye sizi (cesium) ya mionzi, na wizara yao ya kilimo ikaja kusema zilifyonza kama sehemu 1 kati ya 2,000. Alizeti ni mmea mzuri ila sifa zake zimetangulia mbali kuliko uwezo wake.

Umefaulu hatua hii ukiwa na karatasi inayosema: metali hii, gramu hizi, mavuno haya. Yakizidi 15 hivi, mimi nakushauri usifuate njia ya kutoa.

## Hatua ya 5: Chagua njia, kutoa au kufunga

Kutoa maana yake mmea unafyonza metali hadi kwenye majani, unakata, unaondoa shambani. Inafaa kwa kadimi, zinki, nikeli na aseniki pale ambapo hesabu imekubali.

Kufunga maana yake metali inabaki ila inatulizwa: unaibana kwa mboji, chokaa au fosfeti, unafunika ardhi yote kwa mimea isiyopandisha metali juu, mizizi inashika udongo, vumbi linaisha, mvua haisombi. Hii ndo njia ya risasi, na mara nyingi ya shaba. Kuna watu wanaiona kama kushindwa na mimi nakataa kabisa, kwa sababu risasi inadhuru ikipeperuka au ikishikwa, na shamba lenye nyasi nene halipeperuki.

Zikiwa metali mbili zinazotaka vitu tofauti, mfano risasi na aseniki pamoja, fuata inayotishia watu zaidi na usitumie fosfeti. Nyasi nene ndo salama zaidi kuanzia.

## Hatua ya 6: Panda kwa kufuata metali

Aseniki. Pteris vittata, kangaga yenye majani marefu kama ngazi. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kwamba imekutwa Florida kwenye eneo lililochafuliwa na dawa ya kutibu mbao, na kwenye majaribio majani yake yalifika mg 22,600 kwa kilo. Wewe shambani usitegemee namba hiyo. Inapenda joto, kivuli kidogo, unyevu, na udongo usio na tindikali. Anza na miche ya kitaluni, nafasi ya sentimita 30 hivi. Mbolea ya fosfeti usimwage kiholela, mmea unafyonza aseniki kwa mlango ule ule wa fosfeti na ukiujaza fosfeti unaziba njia.

Kadimi na zinki. Sedum plumbizincicola na Sedum alfredii, mimea minene majani yenye maji, inapandwa kwa vipandikizi vya shina na inatumika sana China. Kwenye baridi kuna Noccaea caerulescens, hasa ile ya kusini mwa Ufaransa inayobeba kadimi nyingi, ila ni fupi na mavuno yake ni madogo. Miti ya jamii ya Salix (willow) inabeba kidogo kwa kila kilo ila uzito wake mkubwa unafidia. Hapa pH ya 5.5 hadi 6 inasaidia mmea kufyonza, kwa hiyo usimwage chokaa sasa. Mbolea ya amonia inashusha pH taratibu, inafaa.

Nikeli. Odontarrhena, iliyokuwa inaitwa Alyssum, na Berkheya coddii ya Afrika Kusini, zote zinaweza kupita mg 10,000 kwa kilo, yaani asilimia moja ya uzito mkavu. Majivu yake yana nikeli ya kutosha mpaka kuna wanaoilima kama madini.

Risasi na shaba, kwa kufunga. Vetiva na nyasi nyingine za kudumu zenye mizizi mirefu. Vetiva inavumilia metali nyingi na inaziacha zaidi kwenye mizizi. Weka mboji nene, changanya na sentimita 15 za juu, pandisha pH ifike 6.5 hadi 7 kwa chokaa kama hakuna aseniki, halafu panda mistari ikikatisha mteremko, miche ikiwa imekaribiana. Katikati ya mistari panda nyasi fupi au weka matandazo, usiache udongo wazi hata kidogo.

Onyo la kwanza: kabla ya kuleta mmea wa mbali, uliza kama unaruhusiwa. Odontarrhena ilitoroka mashamba ya majaribio huko Oregon, Marekani, ikawa gugu la kupigwa vita. Mmea wa kienyeji ukifanya kazi ile ile, chukua huo.

Onyo la pili, hili nalisema kwa nguvu: utasikia kuna kemikali inaitwa EDTA, ukimwaga risasi inalegea na haradali inaifyonza. Ni kweli inalegea. Ila inalegea zaidi ya mmea unavyoweza kubeba, inayobaki inashuka na maji hadi kisimani, na EDTA yenyewe inakaa muda mrefu kwenye udongo. Utakuwa umetoa sumu kwenye shamba ukaiweka kwenye maji ya kunywa. Usitumie.

Siku ya kupanda lowesha udongo kwanza usitimue vumbi. Panda eneo dogo la majaribio, hata mita 5 kwa 5, msimu mmoja kabla ya shamba zima. Miche ikisinyaa, majani yakawa njano katikati ya mishipa, mizizi ikawa mifupi na myeusi, metali imezidi uvumilivu wake au pH iko pabaya. Bora ulijue hilo kwenye mita 25.

## Hatua ya 7: Tunza kama zao la biashara

Watu wakishasikia hii mimea ni ya kusafisha basi wanaitelekeza, magugu yanaipita urefu. Kumbuka hesabu: kilo za mavuno zidisha kwa mg. Mmea uliodumaa hata kama majani yake yamejaa metali umebeba kitu kidogo. Palilia, mwagilia, weka naitrojeni.

Maji yawe kidogo kidogo. Ukimwaga mengi kwa mpigo unasukuma metali chini ya kina cha mizizi, na ikishafika huko hakuna kangaga itakayoifuata.

Weka uzio. Mbuzi au ng'ombe akila majani haya sumu inaingia kwenye maziwa na nyama, na ini na figo ndo hubeba zaidi. Kibao nacho kiandikwe kwa lugha ambayo kila mpita njia anaisoma: mimea hii ina sumu, hailiwi, haichumwi.

Ukitoka shambani osha mikono, vua buti na nguo nje, oga. Nguo za shamba zifuliwe peke yake.

## Hatua ya 8: Vuna, maana hapa ndo kusafisha kwenyewe

Metali haiondoki shambani siku imefyonzwa. Inaondoka siku gunia limetoka getini. Katikati hapo ikitokea majani yamedondoka na kuoza, umerudi ulipoanza, na mbaya zaidi sasa sumu iko juu kabisa ya udongo ambapo watu wanakanyaga.

Kwa hiyo vuna kabla majani hayajaanza kunyauka na kabla mbegu hazijapevuka. Kata sentimita 5 hadi 10 juu ya ardhi, kwanza ili mmea uchipue tena kama ni wa kudumu, pili ili usibebe vumbi la udongo. Vumbi likishika kwenye majani maabara itakuonyesha risasi nyingi ukafurahi, kumbe ni udongo uliopakwa juu. Sampuli ya kupima ioshe kwa maji safi kabla hujaipeleka.

Kangaga acha zile changa zilizojikunja katikati kama konokono, kata yaliyofunguka na kukomaa. Zile changa ndo mavuno yako yajayo.

Anika juu ya turubai, mahali pa kivuli pasipo upepo. Yakikauka pima uzito wa kila gunia, andika, funga, weka mahali pakavu pamefungwa mpaka yachukuliwe. Turubai nalo likung'utie kwenye gunia, usikung'utie chini, maana majani makavu yanavunjika na kuacha unga na huo unga nao una sumu.

Usiyachome kwenye moto wa kawaida wala kupikia, kadimi na aseniki zinaruka na moshi na aliye karibu anazivuta. Usitengenezee mboji. Usitandikie mifugo. Yaende kule ulikoandikiwa na mamlaka tangu mwanzo.

Kama njia yako ni ya kufunga, kuvuna hakuhusiki kabisa. Unapunguza nyasi zikirefuka na kuziacha palepale, baada ya kupima majani mara moja na kuona kweli metali haipandi juu.

Umefaulu ukichukua kilo kavu ulizopima, ukazidisha na mg za maabara, ukapata gramu zinazokaribiana na ulizoandika hatua ya 4. Zikiwa nusu yake usikate tamaa, rekebisha pH au mbolea. Zikiwa chini ya moja ya kumi, mmea huo na udongo wako haviendani, badilisha.

## Hatua ya 9: Pima tena, halafu rudi kwenye chakula taratibu

Udongo upime mara moja kwa mwaka, mwezi ule ule, mashimo yale yale, maabara ile ile. Ukibadilisha kimoja hutajua kama kilichobadilika ni udongo au ni upimaji. Badiliko dogo la mwaka wa kwanza usilishangilie wala usililie, udongo wenyewe unatofautiana hatua kwa hatua. Angalia mwelekeo wa miaka mitatu.

Angalia pia ile sehemu inayofikiwa na mmea. Mara nyingi hiyo inashuka mapema kuliko jumla, na ndo inayoamua kitakachoingia kwenye chakula. Kwa waliochagua kufunga ndo namba pekee inayotakiwa kushuka, pamoja na pH kubaki pale ulipoiweka. Chokaa inaisha nguvu, kwa hiyo pH ikianza kurudi chini ongeza.

Namba zikishafika chini ya kikomo usikimbilie kupanda shamba zima. Chukua ndoo kadhaa za udongo huo, panda mboga ya majani unayokusudia kuila, ikikomaa usiile, ipeleke maabara. Ikipita panda kipande kidogo. Anza na mazao ya matunda yanayoning'inia juu, kama nyanya au pilipili, kwa sababu metali nyingi hazifiki kwenye tunda kwa wingi. Halafu nafaka, nazo zipimwe. Kwenye mpunga uwe mwangalifu zaidi, udongo ukifurika maji aseniki inaachia na ukikauka kadimi inaachia, kwa hiyo pima zote mbili kwenye punje. Mboga za majani zifuate baadaye, na mizizi iwe ya mwisho kabisa.

Kwa risasi iliyofungwa, hata baada ya miaka, usilime kwa kuchimbua. Ukitaka chakula pale jenga matuta yaliyoinuliwa juu yake, weka kitambaa kizito chini, jaza udongo safi uliopimwa kwa kimo cha sentimita 30 au zaidi, na njia za katikati ziendelee kuwa na nyasi.

Daftari lile la mashimo na magunia lihifadhi. Ukija kuuza au kukodisha shamba, mpe anayelichukua.